Kusaka ubovu wa umeme wa cheche kwenye gari la zamani

Starta inazungusha injini vizuri, harufu ya petroli unaisikia, lakini gari haliwaki. Au liliwaka asubuhi bila shida, ukaliendesha nusu saa, likazima ghafla barabarani. Ulipolisubiri lipoe, likawaka tena kana kwamba hakuna lililotokea. Hapo ndipo watu huanza kununua vipuri: koili, kisha plagi, kisha pointi, mpaka kila kitu chini ya boneti ni kipya na ubovu uko palepale. Mimi niliwahi kubadilisha koili mbili kumbe tatizo lilikuwa waya isiyozidi urefu wa kidole. Kisa hicho nitakirudia mbele, tukifika kwenye distributa.

Maelezo haya ni ya magari yenye distributa (kifaa kinachogawa umeme kwa plagi) na koili moja (inayokuza umeme wa betri), hasa yale ya pointi (vibati vidogo vinavyofunga na kufungua njia ya umeme). Ya moduli ya elektroniki, yasiyo na pointi, nitayagusa mwishoni.

Umeme unapita wapi

Mfumo huu ni wa zamani kweli. Charles Kettering aliubuni, na magari ya Cadillac ya mwaka 1910 yakaanza kuutumia. Kwa miongo mingi baada ya hapo haukubadilika sana. Una njia mbili, na fundi anayezichanganya huzunguka siku nzima.

Njia ya kwanza ni ya umeme mdogo, volti 12. Umeme hutoka kwenye betri, hupita kwenye swichi ya funguo, kwenye magari mengine hupita pia kwenye rizista, huingia upande wa chanya wa koili, hutokea upande wa hasi, huenda kwenye pointi ndani ya distributa, na pointi zikiwa zimefunga huishia kwenye bodi. Pointi zinapofunguka, mkondo hukatika ghafla, usumaku uliojaa ndani ya koili huporomoka, na zongo la pili lenye maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba huzaa maelfu ya volti. Hapo huanza njia ya pili: waya nene ya katikati ya koili, kofia ya distributa, rota (kipande kinachozunguka ndani ya kofia), waya za plagi, na plagi zenyewe.

Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika inahitaji cheche 6,000 kwa dakika, yaani 100 kila sekunde. Kiungo kilicholegea kidogo kinaweza kukuruhusu kuwasha gari na kutembea polepole, halafu kikakuangusha unapokanyaga mafuta.

Vya kuwa navyo

Mita ya umeme ya kawaida, taa ya kupimia (balbu ndogo ya volti 12 yenye waya mbili inatosha), fila za kupimia nafasi, bisibisi, plaizi yenye mpira mzuri, msasa laini, kitambaa kikavu, plagi moja nzima ya akiba, na kipande cha waya chenye vibanio kwenye ncha mbili. Kama ningelazimika kuchagua kimoja kati ya mita na taa, ningechukua taa. Mita inaweza kukuonyesha volti 12 kwenye kiungo kilichooza kisichoweza kupitisha mkondo wowote wa maana. Taa haiwezi kukudanganya hivyo, maana inataka mkondo ili iwake.

Kabla ya kugusa chochote: gia kwenye nyutro, breki ya mkono juu, mikono ya shati na nywele mbali na feni na mkanda. Umeme wa plagi hufika volti 20,000 na zaidi, kwa hiyo waya zake zishike kwa plaizi, si kwa vidole. Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo asimame mbali kabisa na kazi hii. Kama petroli imemwagika au kabureta inavuja, futa na usubiri ikauke. Unatafuta cheche, na cheche haichagui pa kuwashia. Jambo la mwisho: usiache swichi imewashwa injini ikiwa imesimama. Pointi zikiwa zimefunga, koili inapikwa.

Hatua ya 1: Je, cheche ipo?

Chomoa waya ya plagi moja, iweke plagi ya akiba kwenye ncha yake, ilaze plagi hiyo juu ya chuma kisafi cha injini, mbali na kabureta. Mtu apige starta. Cheche nzuri ni ya buluu, ina mlio wa kukatika, na inarudi kwa mpigo ulio sawa. Cheche ya njano au nyekundu, nyembamba, inayoruka mara moja na kukosa mara tatu, ni dhaifu. Usiihesabu kama ipo.

Ikiwa ni nzuri kwenye plagi mbili tatu, acha umeme kidogo. Angalia petroli, plagi zilizolowa, taimingi (wakati cheche inaporuka), au waya za plagi zilizopangwa vibaya.

Ikiwa haipo au ni dhaifu, chomoa waya ya katikati kwenye kofia ya distributa, ile itokayo kwenye koili. Ishike kwa plaizi, ncha yake ikiwa kama milimita 6 kutoka kwenye chuma cha injini, starta ipigwe tena. Usiiache ining'inie mbali na chuma. Umeme usipopata pa kwenda hutoboa ndani ya koili. Jaribio hili dogo linagawa kazi yote katikati. Cheche ikiruka vizuri hapa, koili na pointi ni nzima na ubovu uko kwenye kofia, rota, waya au plagi, kwa hiyo nenda moja kwa moja hatua ya 7. Isiporuka, fuata hatua kwa mpangilio.

Hatua ya 2: Betri na bodi

Betri iliyotulia na iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.0, imeisha. Pima tena starta ikipigwa: ikishuka chini ya takriban volti 9.6, koili inakosa chakula wakati uleule inapokihitaji, na gari linaweza kuzunguka wee bila kuwaka. Hilo ndilo gari linalowaka kwa kusukumwa lakini halikubali starta.

Fungua vichwa vya betri usafishe ule unga mweupe au wa kijani mpaka chuma king'ae. Halafu nenda kwenye waya ya bodi, ile nene inayounganisha injini na bodi ya gari. Injini imekaa juu ya mipira, kwa hiyo bila waya hiyo umeme hauna njia nzuri ya kurudi. Ipime hivi: ncha moja ya mita kwenye nguzo ya betri iliyofungwa kwenye bodi, nyingine kwenye chuma cha injini, starta ipigwe. Ukiona zaidi ya nusu volti, kuna kutu au nati iliyolegea.

Tahadhari kwa wenye magari ya Uingereza yaliyotengenezwa kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960: mengi yao yamefunga chanya kwenye bodi, siyo hasi. Tazama betri kabla ya kuunganisha chochote, na uyageuze maneno chanya na hasi unaposoma maelezo haya.

Hatua ya 3: Umeme unafika kwenye koili?

Alama za koili hutofautiana. Nyingine zina + na −, za Kijerumani zina 15 na 1, za Kiingereza za zamani zina SW upande wa swichi na CB upande wa pointi. Washa swichi bila kupiga starta, unganisha taa kati ya upande wa swichi wa koili na bodi. Ikiwaka vizuri, endelea. Isipowaka, rudi nyuma kiungo kwa kiungo: rizista, soketi za waya, fyuzi kama ipo (magari mengi ya zamani hayana fyuzi kwenye njia hii), kisha swichi ya funguo. Mahali taa inapowaka upande mmoja wa kiungo na kukataa upande wa pili, umeupata ubovu.

Swichi ya funguo inastahili kushukiwa kuliko watu wanavyodhani. Litingishe funguo wakati taa imeunganishwa. Taa ikicheza, swichi imechoka. Funguo lenye mkungu mzito wa funguo nyingine huila swichi polepole miaka na miaka.

Njia ya haraka ni ile waya yenye vibanio: toka chanya ya betri moja kwa moja mpaka chanya ya koili. Gari likiwaka, ubovu uko kati ya betri na koili, na koili yako haina kosa. Ila kumbuka kwamba sasa funguo haliwezi kulizima gari. Utalizima kwa kuchomoa waya hiyo. Na kama gari lako lina rizista, usiliendeshe hivyo zaidi ya dakika chache, koili itaungua.

Kuhusu rizista hiyo. Magari mengi yalifungwa koili ya volti ndogo pamoja na rizista inayopunguza umeme. Wakati wa starta, umeme hupita njia ya pembeni bila kupunguzwa ili cheche iwe kali, na ukiachia funguo hurudi kupitia rizista. Kwa hiyo gari likiwaka wakati starta inazunguka, kisha likafa palepale unapoachia funguo, hakuna haja ya kufungua distributa. Ni rizista iliyokatika au ile sehemu ya swichi inayoilisha.

Mtego uko kwenye kupima. Pointi zikiwa wazi hakuna mkondo unaopita, kwa hiyo mita itasoma volti 12 kwenye koili hata kama kuna rizista. Zungusha injini kidogo mpaka pointi zifunge, ndipo upime: gari lenye rizista litasoma karibu volti 6 hadi 8, lisilo na rizista litasoma karibu sawa na betri.

Hatua ya 4: Taa kwenye upande wa hasi

Sasa hamisha taa: ncha moja upande wa pointi wa koili, nyingine kwenye bodi. Piga starta uitazame.

Taa ikipepesa, pointi zinafunga na kufungua na koili inapitisha umeme. Ubovu uko kwenye kondensa (kile kikopo kidogo kilichoungwa kwenye pointi), au ndani ya zongo la umeme mkubwa la koili.

Taa ikiwaka moja kwa moja bila kupepesa, umeme unafika lakini haupati njia ya kwenda bodi: pointi hazifungi, zina uchafu, au waya ndani ya distributa imekatika.

Taa isipowaka kabisa, chomoa ile waya nyembamba inayotoka koili kwenda distributa kisha washa swichi. Taa ikiwaka sasa, kuna shoti ndani ya distributa: pointi hazifunguki, waya inagusa bodi, au kondensa imekufa kwa shoti. Ikikataa kuwaka na ulishahakikisha kuna umeme upande wa pili, koili imekatika ndani.

Kama gari lina mita ya mizunguko ya injini ya umeme, mara nyingi waya yake imeungwa hapohapo upande wa hasi. Ikiwa na shoti inazima gari zima. Ichomoe ujaribu, ni sekunde tano.

Hatua ya 5: Ndani ya distributa

Hapa ndipo ubovu mwingi unapoishi, na hapa ndipo usiharakishe.

Vua kofia na rota. Zungusha injini mpaka kisigino cha pointi kikae juu kabisa ya nundu ya shafti, ndipo upime nafasi kwa fila. Magari mengi ya silinda nne hutaka kati ya milimita 0.35 na 0.45, kitabu cha gari lako kina neno la mwisho. Fila ipite ikigusa kidogo pande zote mbili, isilazimishwe. Kisigino kinalika kadiri gari linavyotembea, na nafasi huzidi kubana. Ikibana, taimingi inachelewa, gari linakuwa zito na linapata joto kupita kiasi. Ikipanuka, taimingi inawahi. Kwa hiyo kila ukigusa pointi, taimingi nayo ipimwe upya baadaye.

Nyuso za pointi nzuri zina rangi ya kijivu. Zikiwa nyeusi zimepata mafuta. Zifute, na ujiulize grisi imetoka wapi. Zikiwa zimeungua rangi ya buluu, au upande mmoja una kilima na wa pili shimo, kondensa ndiyo ya kuulizwa kwanza. Msasa laini utakufikisha nyumbani, lakini pointi zilizochimbika badilisha. Pointi mpya nazo huja na mafuta ya kuzuia kutu. Zisipofutwa, gari halitawaka na utalaumu kitu kingine. Weka grisi kiasi cha kichwa cha kiberiti kwenye nundu, basi.

Gari likikataa kuwaka mara tu baada ya kufungwa pointi mpya, karibu kila mara ni vile vishikizo vya plastiki. Waya ya koili na waya ya kondensa zinatakiwa kugusa springi ya pointi, lakini zisiguse skrubu wala sahani. Ukikosea mpangilio wa kishikizo kimoja, umetengeneza shoti ya kudumu.

Sasa kile kisa changu. Sahani inayobeba pointi haikai tuli. Diski ya vakyumu, inayovutwa na hewa inayofyonzwa na injini, huivuta huku na huku injini inapofanya kazi. Kwa sababu hiyo kuna kijiwaya laini cha kusuka kinachoiunganisha na mwili wa distributa ili umeme ufike bodi. Baada ya miaka mingi ya kupindwa, nyuzi zake hukatika moja moja. Kwenye gari langu zilibaki chache. Gari likisimama zilikuwa zinagusana, kila kipimo kikawa sawa. Likishika mwendo barabarani, sahani ikivutwa, zinaachana. Nilinunua koili, likazima. Nikanunua nyingine, likazima. Siku niliyoivuta sahani kwa bisibisi huku taa imeunganishwa kati ya chanya ya betri na sahani yenyewe, taa ikazimika mbele ya macho yangu. Fanya jaribio hilo kabla ya kununua chochote, na urudie kwa ile waya nyembamba inayoingia kwenye pointi, maana nayo hukatika ndani ya ngozi yake bila kuonekana nje.

Kondensa ni vigumu kuihukumu kwa mita ya kawaida. Uwezo wake ni karibu mikrofaradi 0.2 hadi 0.25, na mita nyingi zitakwambia ni nzima ikiwa baridi. Dalili zake ni cheche ya njano, mwanga mkali kwenye pointi zinapofunguka, na gari kuzima likipata joto. Ni kipuri kidogo. Huu ndio ubovu pekee ambao sioni aibu kuujaribu kwa kubadilisha. Na ile ya zamani, ikiwa ilikuwa nzima, itunze kwenye gari. Kondensa mpya iliyokufa si jambo la ajabu.

Hatua ya 6: Koili

Chomoa waya zote za koili. Gusanisha kwanza ncha za mita na uondoe kile inachosoma, kwa sababu tunapima vitu vidogo. Kati ya chanya na hasi: karibu omu 3 kwa koili isiyotumia rizista, karibu 1.5 kwa inayotumia. Kati ya hasi na tundu la katikati: kwa kawaida kati ya omu 5,000 na 15,000. Isipopitisha kabisa, imekatika. Koili inayozima gari likipata joto ipime ikiwa bado ya moto. Ikipoa itakupa namba nzuri.

Usichanganye aina mbili hizo. Koili ya 1.5 ikifungwa bila rizista huchemka na kuzichoma pointi; ile ya 3 ikifungwa pamoja na rizista hutoa cheche iliyolala. Waya za chanya na hasi zikigeuzwa, gari litawaka, lakini plagi zitahitaji volti zaidi na litaanza kukohoa kwenye mzigo.

Hatua ya 7: Upande wa umeme mkubwa

Kofia ya distributa ioshe, ikaushe, kisha itazame kwenye mwanga. Tafuta ufa, na mistari myembamba myeusi kama ya penseli kati ya ncha na ncha. Hiyo ni njia ambayo cheche imejichimbia, na haifutiki. Kijiti cha kaboni cha katikati kiwe kinarudi kwa springi yake.

Rota hutoboka kuelekea kwenye shafti bila kuonyesha jeraha. Iache mahali pake, kofia ikiwa imevuliwa, shika waya ya koili kwa plaizi milimita 3 juu ya chuma cha rota, starta ipigwe. Cheche ikiruka kwa nguvu kwenda kwenye rota, rota imetoboka.

Waya za plagi za kaboni husoma maelfu ya omu kulingana na urefu; inayosoma mbali sana na wenzake, au isiyosoma chochote, itoe. Usiku, injini ikiwa inazunguka gizani, waya zinazovuja hujionyesha zenyewe kwa vicheche vya buluu. Plagi nyingi za mfumo huu hutaka nafasi ya milimita 0.6 hadi 0.8. Mpangilio wa waya kwenye injini nyingi za silinda nne zilizo kwenye mstari ni 1-3-4-2. Volkswagen Beetle ni 1-4-3-2. Hesabu kwa kufuata upande rota inakozungukia.

Ubovu unaokuja na kuondoka

Gari linalozima barabarani tu halitakubali kupimwa likiwa limesimama. Unganisha taa ya kupimia kwenye chanya ya koili, ivute waya yake mpaka ndani, na abiria aitazame. Gari likizima na taa ikazima nayo, rudi kwenye swichi na waya zake. Taa ikibaki inawaka, ubovu uko koili kwenda mbele. Mita ya mizunguko nayo husaidia: mshale ukianguka sifuri ghafla huku gari bado linatembea kwenye gia, njia ya umeme mdogo imekatika, ukishuka taratibu pamoja na mwendo, angalia petroli.

Kwenye magari ya moduli, hatua za betri, bodi, swichi, kofia, rota na waya hazibadiliki. Pointi zimechukuliwa na kihisi cha sumaku, ambacho mara nyingi hutaka nafasi ya milimita 0.2 hadi 0.4, na waya zake hukatika kwa kupindwa vilevile. Moduli inahitaji kugusa chuma vizuri na kuwa na mafuta ya kupoza chini yake. Bila hayo hufa kwa joto.

Ubovu ukishatengenezwa, itoe kwanza ile waya ya vibanio, washa gari, acha injini ipate joto, kisha pima taimingi kwa taa yake.